Kijana wa Wagenia Ataka Kuwa Daktari: Aende Chuo Gani?

Kila mgeni afikaye Kisangani hupelekwa kuwatazama Wagenia wakivua samaki. Mto hapo ni mkali kupita kiasi. Maji yashuka juu ya majabali kwa kishindo kikubwa, na poromoko hilo ni la mwisho katika yale saba ya Boyoma yanayoanza huko juu upande wa Ubundu. Katikati ya povu Wagenia wamesimamisha magogo marefu, wameyachomeka katika matundu ya miamba na kuyafunga pamoja kwa kamba za mwituni. Kutoka juu ya magogo hayo hushusha migono mikubwa yenye umbo la pia, na nguvu ya maji yenyewe huwasukuma samaki ndani wasiweze kutoka tena. Wageni hupiga picha, hutoa fedha kidogo, kisha hurudi mjini. Ni wachache waulizao watoto wa wavuvi hao wasoma wapi.

Sisi hatukufika kwa ajili ya samaki. Baba mmoja wa jamaa hiyo, Mkristo wa siku nyingi, alitupelekea habari kwamba ana neno zito nyumbani mwake, naye aomba mwalimu aje alisikie. Tulimkuta ameketi barazani pamoja na mkewe, kaka yake mkubwa, na mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 19. Binti wa miaka 14 alikuwa amejilaza juu ya mkeka karibu na mlango. Mbele yao waliweka karatasi mbili, wakazikandamiza kwa jiwe maana upepo wa mtoni ulikuwa ukivuma. Moja ilitoka Chuo Kikuu cha Kinshasa, ya pili Chuo Kikuu cha Kisangani. Zote zilisema neno moja, yaani kwamba kijana amekubaliwa kuanza masomo ya udaktari.

“Mwalimu,” akasema yule baba baada ya maamkio, “wenzangu hugombana kwa ajili ya shamba au mahari. Nyumba yangu imegawanyika kwa ajili ya karatasi.”

Kijana alikuwa ameshinda mtihani wa Serikali katika masomo ya biolojia na kemia, tena kwa alama nzuri. Kwamba asomee udaktari, hapo hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya mlango wa kuingilia, nao si mdogo. Katika Marekani kijana husoma kwanza chuoni miaka minne, ndipo aombe nafasi katika shule ya udaktari, hata anao wakati wa kufikiri na wa kugeuza nia. Kwetu Kongo hakuna ngazi hiyo ya katikati. Kijana atokapo sekondari huingia moja kwa moja, na kwa muda mrefu safari yote imekuwa ya miaka saba hivi. Miaka ya kwanza ni ya fizikia, kemia, maumbile ya mwili na kazi za viungo vyake. Baadaye ndipo yaja magonjwa na wagonjwa. Aingiaye akiwa na miaka 19 atatoka akiwa na 26, kama hakurudia darasa, na kama waalimu hawakugoma. Twayaongeza maneno hayo ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu wazazi wengi wa Kongo wameona mwaka mmoja wa masomo ukivutwa hata ukawa karibu miwili, na wakati huo wote mtoto anakula na kulipa chumba.

Baba alitaka Kinshasa. Tulipomwuliza sababu, hakutaja maabara wala waalimu, bali alimtaja marehemu baba yake. Mzee huyo alikuwa katekista, na jina la Lovanium alikuwa akilitaja kama vile Mkristo atajavyo Roma. Alikuwa akisema kwamba juu ya kilima cha Kinshasa Kanisa limejenga nyumba ambamo mtoto mweusi aweza kuwa daktari kamili, na kwamba siku moja mtu wa ukoo wake atalala humo. Sasa karatasi ya kilima imefika. Je, yeye aikatae?

Hapo ilitubidi kusema habari ambayo wengi wameisahau. Chini ya Wabelgiji mwana wa Kongo hakuweza kuwa daktari katika nchi yake. Watu wa Chuo Kikuu cha Louvain walianzisha kazi ya udaktari huko Kisantu tangu mwaka 1926, wakafundisha wauguzi na baadaye wasaidizi wa madaktari. Wasaidizi hao walikuwa watu hodari, wengine walipasua na kuzalisha peke yao porini, lakini cheo cha daktari hawakupewa. Mwaka 1954 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Lovanium juu ya Mlima Amba, na jina lake ni jina la Kilatini la mji ule ule wa Louvain. Miaka miwili baadaye Serikali nayo ilifungua chuo chake Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Lovanium ilisitawi upesi. Mwaka 1959 iliwekewa tanuri la nguvu za atomu kwa ajili ya uchunguzi, la kwanza katika Afrika nzima. Walakini kazi ilikuwa imechelewa. Siku ya Uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na daktari hata mmoja aliyezaliwa Kongo, na ilibidi wasaidizi kadhaa wapelekwe Ufaransa haraka wakamalize masomo yao.

Lovanium aliyoisifu yule katekista haipo tena. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa vyuo vyote vitatu vilivyokuwako ikavifanya kimoja, chini ya Rektori mmoja, Askofu Tshibangu. Mwaka 1981 ikavitenga tena, na toka hapo tuna Chuo Kikuu cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani, vyote mali ya Serikali. Kanisa la Bikira Maria wa Hekima bado liko juu ya kilima, na Misa husomwa, lakini chuo si cha Maaskofu. Na hicho cha Kisangani je? Kilianzishwa mwaka 1963 na ndugu zetu Waprotestanti. Tulimwambia baba kwa utani kwamba marehemu katekista, kama angaliletewa karatasi hiyo siku zile, huenda angaliitumia kuwashia moto. Baba alicheka, kisha akanyamaza. Tuliona kwamba jambo lenyewe limemwuma, tukajuta kidogo kufanya utani.

Mama alitaka Kisangani, naye hakuhitaji kueleza historia ya vyuo. Alikuwa na historia yake mwenyewe. Mwaka 1998 vita vilipoingia, nchi ilikatika vipande viwili. Kisangani ilikuwa upande mmoja, Kinshasa upande mwingine, na mto uliokuwa barabara ya watu wote ukafungwa. Vijana waliokuwa wakisoma Kinshasa hawakuweza kurudi nyumbani kwa miaka, hata kuzika. Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, mabomu kwa maelfu yakaanguka juu ya nyumba za raia, na watu kwa mamia wakafa. Mama alikuwa msichana wakati huo. “Waliofungwa majeraha walifungwa na madaktari waliokuwapo,” akasema. “Wale wa Kinshasa walikuwa hodari, lakini walikuwa Kinshasa.”

Ndipo tukamgeukia kijana. Alikuwa ameketi na mikono katikati ya magoti, kama ilivyo adabu mbele ya wakubwa. Tulidhani atasema mambo ya mji mkuu, mataa na mpira. Badala yake alimtazama dada yake pale mkekani.

Yule binti ana ugonjwa wa selimundu. Wasomaji wengi wameuona bila kujua jina lake. Chembe nyekundu za damu, ambazo yapasa ziwe za mviringo na laini, hupindika mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa myembamba na kufa upesi. Mtoto hupungukiwa na damu, macho yawa ya manjano, na maumivu ya mifupa humshika hata akapiga kelele usiku kucha. Haukuletwa na mchawi wala na jirani mwenye kijicho. Mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe hawaugui kwa sababu kila mmoja amebeba nusu tu. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto azaliwaye ana hatari moja katika nne. Nusu hiyo imeenea sana katika nchi zetu za joto kwa sababu humkinga aliye nayo na malaria kali, na hivyo ngao ya wengi imekuwa upanga kwa wachache. Katika Kisangani wazazi wanaolia kwa ajili yake si haba. (Wachumba wafanyao vyema huenda kupimwa damu kabla ya kutangaza ndoa, tena mapema, si wiki ya mwisho wakati vyakula vya arusi vimekwisha nunuliwa.)

Tangu umri wa miaka 12 kijana huyu amekuwa akimbeba dada yake mgongoni usiku hadi hospitali. Mara mbili ametoa damu yake mwenyewe apewe. “Mwalimu,” akatuambia, “huko Kinshasa, katika mtaa wa Yolo, wana hospitali iliyowekwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Wana waalimu wanaouchunguza. Hapa wanampa damu na dawa ya maumivu, twarudi nyumbani, kisha twangoja usiku mwingine. Mimi nataka kwenda mahali wanapojua zaidi.”

Mama akasema, “Na usiku huo mwingine, atabebwa na nani?”

Hapakuwa na mtu wa kumjibu. Ugomvi wa nyumba ile, ambao kwa mbali ulionekana kuwa wa fahari ya baba na hofu ya mama, ulikuwa juu ya mgongo wa kijana.

Wako watu ambao wangalisema upesi kwamba chuo kikubwa ndicho kizaacho daktari mkubwa. Nao wana ushahidi. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyezaliwa mwaka 1942, alisoma udaktari Lovanium toka 1962 hata 1969, akapata shahada yake ya juu huko Louvain mwaka 1973, akarudi. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana ulipowaua watu katika misioni ya Yambuku, masista Wabelgiji wakiwa miongoni mwao, yeye ndiye aliyetumwa. Alitwaa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, akasafiri na sista mmoja mgonjwa hadi Kinshasa, na katika damu iliyopelekwa Antwerp kikaonekana kile kirusi kilichopewa jina la mto Ebola. Mwaka 1995 huko Kikwit aliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao wakaishi. Kutoka damu ya mmoja aliyepona Kikwit ilitengenezwa baadaye dawa ambayo Marekani iliikubali mwaka 2020. Mtu huyo ni tunda la kilima kile. Hatuwezi kukana.

Lakini tazama wa pili. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Bukavu, aliyezaliwa mwaka 1955, hakusoma udaktari Kinshasa wala Ulaya alipoanza. Alivuka mpaka akasoma Bujumbura, akamaliza mwaka 1983, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Lemera milimani. Huko aliwaona wanawake wakifa kwa uzazi au wakiumizwa nao maisha yao yote. Baada ya kuwaona hao ndipo alipokwenda Angers katika Ufaransa kujifunza kazi ya magonjwa ya wanawake, maana sasa alijua anatafuta nini. Hospitali yake ya Panzi ilianza mwaka 1999, na mwaka 2018 alipewa Tuzo la Amani la Nobel. Hakuna aulizaye leo kama Bujumbura ilikuwa na jina.

Tulimpa kijana mifano yote miwili, tukamwonya asiifanye kuwa mizani. Watu wa namna hiyo ni wachache, nao wangaliota hata katika mwamba.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi hodari wa hesabu na kemia, mtoto wa mjane. Tulimsukuma aende kwenye chuo chenye sifa, mbali na kwao. Tulimwandikia barua za kumsifu, tukatembeza kapu baada ya Misa, tukamsindikiza hata bandarini kwa nyimbo. Hatukuuliza atalala wapi baada ya mwezi wa kwanza. Hatukuuliza nani atamnunulia vitabu vya mafundisho ambavyo kila mwalimu huwauzia wanafunzi wake, wala nauli ya kila siku, wala chakula cha jioni. Alikula mara moja kwa siku. Alisimama dirishani mwa ukumbi kwa sababu viti vilijaa kabla hajafika. Mwaka wa kwanza alianguka, akarudia, akaanguka tena. Leo anauza dawa katika duka la mtu mwingine. Tulipokutana naye alitusalimu kwa heshima, akatuuliza habari za shule, wala hakutulaumu kwa neno lo lote. Afadhali angalitulaumu.

Kwa hiyo pale Wagenia tuliuliza mambo ya aibu, yaani mambo ya fedha. Mjomba anayekaa Kinshasa ameandika kwamba kijana aweza kulala kwake. Vema. Anakaa wapi? Masina. Ana vyumba vingapi? Viwili. Na watoto? Sita. Chuo kiko Lemba, na ye yote aijuaye Kinshasa, mji wenye watu zaidi ya milioni 10, ajua kwamba kutoka Masina hadi Lemba asubuhi si mwendo wa dakika, ni mwendo wa saa, na hivyo hivyo jioni. Je, hakuna mabweni? Yapo, yamejaa, na tena mabweni si nyumba ya mama. Januari mwaka 2020, baada ya ghasia zilizotokea kwa ajili ya ada, Serikali iliwaamuru wanafunzi wa Kinshasa wahame mabweni mara moja. Wenye jamaa mjini walikwenda kwa jamaa zao. Mwenye mama Kisangani, kilometa kama 1,700 kwa njia ya mto, aende wapi? Tiketi ya ndege ni mavuno ya migono mingi sana, na mashua za mbao zinazoshuka mto zikiwa na magunia na watu hukaa majini siku nyingi, na kila mwaka twasikia zilizozama.

Baba mkubwa, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, aliuliza swali lililokuwa la maana kuliko yote yetu: “Mifupa anayojifunza mtu wa Kinshasa ni mingine na mifupa ya hapa?”

Sivyo, mzee wetu. Katika miaka ya kwanza mifupa ni ile ile, kemia ni ile ile, na lugha ya vitabu ni Kifaransa huku na huku. Tofauti yaja baadaye. Kinshasa ina hospitali kubwa ya chuo juu ya kilima, mabingwa wa magonjwa mengi, na vyombo ambavyo Kisangani haina au inavyo vibovu. Hatutaki kumdanganya mtu kwa kuipenda nyumba yetu. Chuo cha Kisangani kina hospitali yake ya kufundishia, wanafunzi wake huenda pia katika hospitali kuu ya Makiso, lakini umeme hukatika, mabingwa ni wachache, na mwalimu mmoja hubeba kazi ya watatu. Tena mwanafunzi huyo humwona mgonjwa wa nchi yake mwenyewe, aliyefika amechelewa kwa baiskeli au kwa mtumbwi, akisema Kiswahili, Lingala, Kilokele au Kigenya. Kumwuliza mama mzee aumwa wapi bila mkalimani ni sehemu ya udaktari, ingawa hakuna mtihani wake.

Basi tulitoa shauri letu, kwa kuwa tuliitwa kwa ajili hiyo. Tulisema aanze Kisangani. Aishi kwao, ale samaki wa baba yake, asome usiku bila kuwaza chumba, na nguvu zote azitie katika ile miaka ya mwanzo ambayo huwaangusha wengi. Akisha kuwa daktari na kufanya kazi kidogo, aende Kinshasa au mbali zaidi kujifunza ugonjwa wa damu, kama Mukwege alivyokwenda Angers, akijua anatafuta nini. Karatasi ya pili isiwe imekataliwa, iwe imeahirishwa.

Tulijiona tumesema kwa busara. Kijana aliinamisha kichwa, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, nisamehe. Je, walio wengi huenda baadaye? Daktari akisha kupata kazi huoa, huzaa, wadogo zake wamtazama yeye kwa ada zao. Nimewauliza madaktari wawili hapa mjini. Kila mmoja alikuwa amepanga kwenda Kinshasa mwakani, na huo mwakani una miaka kumi.”

Hatukuwa na jibu. Twakiri hapa kwamba hata sasa hatuna. Mtu aweza kuahirisha jambo mpaka likafa bila yeye kujua siku ya mazishi yake.

Ndipo binti akainuka akaketi. Mama yake alimwashiria alale, hakumtii. Alisema, “Aende Kinshasa. Akibaki kwa sababu yangu, nami nikafa, atakuwa amebaki bure, na watu watasema nilimfunga.”

Baba yake alimkemea kwa kutaja kifo, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Mama aliingia ndani, akakaa huko kitambo. Sisi tulitazama mto. Wanaume walikuwa juu ya magogo wakivuta kamba, mgono mmoja ukatoka mtupu, wakaushusha tena pale pale. Kila ukoo una mahali pake katika maji yale, pamerithiwa toka kwa mababu, wala mtu hahamii pa mwingine. Baba mkubwa alituambia kwamba kijana akienda, ama Kinshasa ama Makiso, mahali pa baba yake patakosa mtu mmoja wa kuvuta. Alilisema bila lawama, kama mtu anayehesabu.

Hatukumaliza shauri siku ile. Tulisali pamoja, tukamwomba Luka Mtakatifu, aliyekuwa mganga kabla ya kuwa mwandishi, tukarudi mjini jioni.

Wiki mbili baadaye kijana alikuja shuleni kwetu. Alikuwa amekwenda mara tatu katika hospitali ya chuo hapa Kisangani, akaomba kuketi tu na kutazama. Siku ya tatu daktari mmoja alimwita, akamwonyesha katika darubini damu yenye ugonjwa wa dada yake. Chembe zilizopindika, alizozisikia tangu utoto, sasa aliziona kwa macho. Aliuliza kama damu hiyo ni ya mtu gani, akaambiwa ni ya mtoto wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kisha yule daktari akamweleza kwamba ziko dawa zinazopunguza maumivu na kurefusha maisha, na kwamba watoto wengi wa hapa hawazipati kwa sababu hakuna mtu wa kuwafuata mwezi hata mwezi, kuwapima na kuandika. “Kazi ya kuandika,” akatuambia kijana, “naweza kuianza kabla sijawa daktari.”

Amejiandikisha Kisangani. Dada yake hakusema naye siku tatu. Siku ya nne alimwomba amwonyeshe daftari lake, nalo lilikuwa na jina moja tu, jina lake yeye, na tarehe za usiku wote aliobebwa, kadiri mama yao alivyozikumbuka.

Tulimwuliza juu ya karatasi ya Kinshasa. Alisema baba yake ameikunja, ameitia katika kitabu cha sala cha marehemu katekista, wala haruhusu mtu kukigusa.